Rafadha zinazojipinda na pua zinazovimba: kupiga picha za ndege za zamani kwa simu

Swali

Wapenzi wa ndege, salamu. Ninavutiwa sana na ndege za injini za pistoni, hasa Douglas DC-3, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 na ambayo baadhi yake zingali zinaruka. Ninatumia kamera ya simu peke yake, na mambo mawili yananisumbua. Injini ikiwa inafanya kazi, mapanga ya rafadha, yaani kile kifaa kinachozunguka mbele ya injini, hutokea yamejipinda kama mundu, na wakati mwingine panga moja huonekana limekatika na kuelea hewani. La pili ni umbo: nikisogea karibu ili ndege ijaze picha, pua huwa kubwa mno na mkia husinyaa, ilhali uzuri wote wa DC-3 umo katika ule mkao wake wa kuinua kichwa na kuketisha mkia chini. Je, kasoro hizi zinarekebishika kwa simu yenyewe?

Jibu la kwanza

La rafadha linarekebishika, ila sharti kwanza lieleweke. Sensa ya simu haisomi picha nzima kwa pamoja, bali mstari baada ya mstari, na hadi mstari wa mwisho unaposomwa, panga limekwisha kuhama. Kinachoonekana kuwa ni kujipinda ni nyakati tofauti zilizoshonwa katika picha moja. Wengi hukimbilia kuongeza kasi ya shata (kufupisha muda ambao sensa hupokea mwanga), lakini hilo huyafanya mapanga yaliyopinda yaonekane kwa uwazi zaidi. Punguza kasi, mapanga yageuke ukungu na upindaji umezwe humo.

Chukua rafadha inayozunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde panga husogea nyuzi 7 hivi, na ndege iliyo angani huonekana kana kwamba injini imezimika, jambo ambalo kwangu huiua picha kabisa. Kwa 1/60 husogea nyuzi 120, na kwa kuwa rafadha ya DC-3 ina mapanga matatu, duara lote hujaa. Kikwazo ni kwamba tundu la lenzi katika simu nyingi halibaniki, hivyo juani kasi hiyo itaunguza picha, yaani mwanga utazidi hadi iwe nyeupe, hata ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ikiwa 50. Kwa lenzi ya f/1.8 (kipimo cha upana wa tundu) chini ya jua kali utahitaji kichujio cha ND, yaani kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi, kinachopunguza mwanga takriban mara 64, pamoja na programu ya kamera inayokuachia uchague kasi mwenyewe. Zima HDR, ile hali ya simu ya kusawazisha mwanga na kivuli, kwa sababu huunganisha picha kadhaa na kuweza kuzalisha mapanga yasiyokuwepo. Ndege ikipita, ifuate kwa kuzungusha kiuno, mikono ikiwa imetulia.

Jibu la pili

Kuhusu umbo, kinachoamua ni mahali uliposimama. DC-3 ina urefu unaokaribia mita 20. Ukisimama mita 5 mbele ya pua, mkia uko mita 25 kutoka kwako, yaani mbali mara tano zaidi, na picha itaonyesha hivyo hivyo. Rudi nyuma hadi mita 40, na mkia utakuwa mbali mara moja na nusu tu. Kutoka hapo tumia lenzi ya kuvuta mbali. Kama simu haina, piga kwa lenzi kuu kisha ukate kingo, nawe utapata uwiano ule ule, ingawa kwa pikseli chache. Chuchumaa kidogo, upande wa mbele kwa mshazari, na ule mkao unaoupenda utajitokeza. Umbali huo una faida kubwa kuliko picha: rafadha inayozunguka haisogelewi kamwe.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Je, zile ndege za alumini tupu iliyong'arishwa, na zile zilizohifadhiwa ndani ya hanga?

Jibu la tatu

Alumini iliyong'arishwa huakisi kila kilicho mbele yake, kwa hiyo tazama kwanza kinachoakisiwa, ukiwemo wewe. Gusa sehemu inayong'aa zaidi na kuishikilia hadi kipimo cha mwanga kifungike, kisha ushushe mwangaza. Kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye, lakini sehemu iliyoungua kwa mwanga hairudi. Usitegemee kichujio cha polaraizi (cha kupunguza mng'ao) kufuta mng'ao wa metali tupu, kwani hufaa zaidi kwa rangi, vioo na anga, na kwenye kifuniko cha plastiki cha rubani, kama cha ndege ya kivita ya Uingereza Spitfire, kinaweza kuibua michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Ndani ya hanga adui ni taa zinazopepesa, ambazo huacha mistari ya giza. Pale umeme ulipo wa hezi 50 chagua shata ya 1/50 au 1/100. Ulipo wa hezi 60, chagua 1/60 au 1/120.