Watu hawaongezeki ila kaya zinazidi kuwa ndogo, nijenge nini cha kupangisha?

mjenzi_taratibu
Wadau habari zenu, naomba mawazo. Nina kiwanja kinaingia ama nyumba mbili za vyumba vitatu ama yuniti sita za chumba na sebule, na hela yenyewe ni ya mkopo kwa hiyo sina nafasi ya kukosea. Nimeangalia takwimu za sensa za eneo lile, watu karibu hawajaongezeka, nikasema basi hapa hakuna soko. Jamaa yangu akanicheka, eti acha kuangalia idadi ya watu, angalia wastani wa watu kwa kaya, umeshuka. Sasa hapo ndo nimechanganyikiwa, kama watu ni walewale hao wapangaji wapya wanatoka wapi??

hesabu_kidogo
Mkuu jamaa yako yuko sahihi. Nyumba inapangwa na kaya, hesabu ya vichwa peke yake haikusaidii. Chukua watu 10,000 wanaoishi watano watano, hizo ni kaya 2,000. Wakianza kuishi wanne wanne zinakuwa kaya 2,500, yani hajazaliwa mtu, hajahamia mtu, na tayari nyumba 500 zaidi zinatakiwa. Wanatoka humohumo, kijana kapata kazi kahama kwa wazazi, wengine wameachana nyumba moja imekuwa mbili, wengine wanachelewa kuoa. Marekani mwaka 1960 wastani ulikuwa kama watu 3.3 kwa kaya, kufika 2020 ni kama 2.5. Ujerumani kaya za mtu mmoja peke yake ni karibu 4 katika kila 10.

Ila huo wastani usiuamini sana. Kaya sita, tatu zina mtu mmoja mmoja, tatu zina watu saba saba, piga hesabu utapata wastani wa wanne, na hakuna hata kaya moja yenye watu wanne hapo! Tafuta jedwali linaloonyesha kaya za mtu mmoja ni ngapi, za wawili ngapi, mpaka mwisho, na kama wametenganisha waliopanga na wanaoishi kwenye nyumba zao chukua la waliopanga tu. Kuna wazee wawili wamebaki kwenye jumba la vyumba vitano baada ya watoto kuondoka, kwenye sensa hiyo ni kaya ndogo, ila kwako wewe siyo mteja kabisa.

kodi_juu
Mnaongea kama vile ukubwa wa kaya unajiamulia wenyewe. Kodi nayo inaupanga. Kodi ikipanda au kazi zikikosekana watu wanarudiana, vijana wanarudi nyumbani, marafiki wanachangia nyumba moja. Mwaka 2020 wakati wa korona Marekani zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wanaishi na wazazi. Kwa hiyo hata ukikuta kaya kubwa usiseme tu hawa wanapenda kuishi wengi, pengine humo ndani kuna wapangaji watatu wanaosubiri chumba wanachokimudu. Na upande wa pili hao wapangaji wa peke yao mambo yakiwa magumu ndo wa kwanza kupotea, maana kipato ni kimoja.

MamaVyumba
Mwanangu mimi nina vya aina zote mbili, za takwimu siwezi ila hili nalijua. Chumba na sebule ukitangaza leo wiki haiishi kimepata mtu, lakini na kuhama wanahama, leo kapata kazi mbali, kesho kaoa, kila akitoka mtu upake rangi upya, ubadilishe kitasa, umlipe dalali. Familia yenye watoto shuleni ikiingia imeingia, nina moja huu mwaka wa saba. Halafu yuniti sita ni vyoo sita, majiko sita, mita sita, fundi bomba hatatoka kwako 😂 Na kile kikaya kidogo unachokisubiri, aliingia mmoja kwangu mkimya mpole, mwezi wa tatu nakuta wako wanne na tanki la maji halifiki jioni. Mkataba uandike idadi ya watu.

mjenzi_taratibu
Asanteni sana, na mama shikamoo. Hapo kwenye wanaoishi kwenye nyumba zao nilikuwa sijapafikiria kabisa. Je nikijenga hizo za vyumba vitatu halafu familia zikakosekana, siwezi kuwapa vijana watatu wakachangia?

hesabu_kidogo
Unaweza, na mara nyingi watatu wakichangia wanamudu kodi ambayo baba mwenye familia hawezi, maana vipato ni vitatu. Ila ramani iwaze hilo tangu mwanzo, vyumba vilingane na visipitiane, vyoo visipungue viwili. Ile ramani ya masta kubwa na vijichumba viwili vya watoto haifai, hiyo masta wataigombania. Kabla ya kuchora pita kwa madalali wawili watatu wa eneo hilo uwaulize nyumba ipi inakaa wazi muda mrefu, usiwaulize ipi inatafutwa, kwenye hilo watakuambia zote.

MamaVyumba
Marahaba mwanangu. Mwanzoni jenga moja kwanza.

mjenzi_taratibu
Kesho naanza na madalali, nitarudi hapa na majibu yao.