Naomba ushauri: Katanga ingebaki huru, mji mkuu ungekaa Elisabethville kweli?

Mchoraramani

Wakuu, salaam. Naandika simulizi ya kubuni ambamo Katanga, lile jimbo la shaba lililojitenga na Kongo 1960, haikurudishwa Kongo Januari 1963. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yamekwama, Tshombe, kiongozi wa Katanga, kabaki na nchi yake, na kisa chenyewe kinaanza 1975. Miji miwili inagombea kila kitu: watu, mizigo, wasomi, heshima. Upande mmoja Kinshasa, upande wa pili Elisabethville, ambayo kwenye simulizi yangu imekataa kuitwa Lubumbashi kwa sababu jina hilo lilitoka kwa Mobutu 1966.

Nilipokwama ni hapa. Kila nikiitazama ramani naona Elisabethville imebanwa pembeni kabisa. Kipushi iko jirani tu, na Kipushi ndiyo mpaka wa Zambia. Serikali yenye maadui wengi ingekubali kukaa hapo, au ingehamia Jadotville (Likasi ya leo) au Kolwezi? Sitaki mtu wa kule asome ukurasa wa kwanza akafunga kitabu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Mataruma

Mkuu, weka pembeni ramani ya mipaka, chukua ya reli. Shaba ya Katanga ilikuwa na njia kuu tatu za kutokea. Ya magharibi inapita Tenke, Kolwezi na Dilolo, inaingia reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola. Ya kusini inapita Sakania na Ndola hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Ya tatu ni ya mateso: treni hadi Port-Francqui (Ilebo ya leo), mzigo ushushwe kwenye matishari, uteremke mtoni hadi Léopoldville (ndiyo Kinshasa), upandishwe treni tena hadi bandari ya Matadi. Wabelgiji waliing'ang'ania kwa kuwa ilibaki ndani ya koloni lao. Katanga huru isingekuwa na sababu ya kuitumia, na hapo ndipo uhasama wa miji yako ungeanzia, maana Kinshasa ingekosa mzigo wa mtoni na Matadi ingekosa shaba.

Sasa umechagua 1975, mwaka mbaya sana kwao. Vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela mwaka huohuo. Njia ya kusini inapita Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mpaka wa Rhodesia na Zambia ulikuwa umefungwa tangu 1973. Kinachobaki ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyokabidhiwa rasmi 1976. Yaani pumzi ya Elisabethville ingekuwa mikononi mwa Lusaka na Dar es Salaam. Kwa hiyo kuwa karibu na Zambia si udhaifu tu.

Dada wa Ujiji

Hiyo ya Dar naomba tuitazame vizuri. Watu watasema Nyerere aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, basi na Katanga angeitambua. Mimi sikubali hata kidogo. Biafra aliitetea kwa hoja ya watu waliokuwa wakiuawa. Katanga ilisimama kwa mamluki, maofisa wa Kibelgiji na fedha za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa karibu na mji huohuo tarehe 17 Januari 1961. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi, Ubelgiji ikiwemo. Ukituandikia barabara yenye balozi ishirini utakuwa umekosea. Tuandikie mji wenye makonsuli wachache ambao kila mmoja anakwepa kuhudhuria gwaride la tarehe 11 Julai, siku Katanga ilipotangaza uhuru. Mji mkuu wa nchi isiyotambuliwa, hicho ndicho kisa.

Kaskazini ya Manono

Kaka, mnazungumza kana kwamba Katanga ilikuwa kitu kimoja. Baluba wa kaskazini, chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walimkataa Tshombe tangu mwanzo. Walitangaza jimbo lao la Lualaba, makao yake Manono. Na 1961 maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa palepale Elisabethville. Hofu ya serikali yako isitoke Zambia, itoke kaskazini na kwenye mitaa ya Elisabethville yenyewe, Kenya (mtaa, si nchi) na Katuba. Tafadhali usiwafanye watu hawa wapita njia kwenye simulizi.

Kuhusu Kolwezi, Tshombe mwenyewe alikimbilia huko mwishoni. Ilikuwa ngome yake ya mwisho hadi askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia tarehe 21 Januari 1963. Kwa mji mkuu wa wakati wa vita, umeshaupata.

Mzee wa Mataruma

Wa vita, sawa. Wa kudumu, hapana. Elisabethville ilikuwa na makao ya reli ya BCK, chuo kikuu tangu 1956, uwanja wa ndege wa Luano, na kiwanda cha kuyeyushia shaba tangu 1911. Kuhamisha serikali ni kazi ya vizazi: Dodoma tuliamua 1973, na mnajua ilichukua muda gani. Sudan Kusini walitangaza 2011 kwamba watahamia Ramciel, serikali bado iko Juba.

Mchoraramani

Nimefurahi sana, wakuu. Nimeamua: Elisabethville inabaki, Kolwezi inakuwa na jeshi, na mhusika mkuu ni Mluba aliyezaliwa Manono, karani wa stesheni ya Tenke zinapoachana njia mbili. Anahesabu mabehewa ya shaba yasiyo na pa kwenda. Mshahara wake ni zile faranga za Katanga, zenye msalaba wa shaba upande mmoja na ndizi upande wa pili, ambazo ng'ambo ya mpaka hazipokelewi.

Limebaki swali la lugha. Kinshasa wana Kilingala, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya jeshi pia. Huku mitaani ni Kiswahili cha migodini. Bunge la Elisabethville lingethubutu kuweka Kifaransa kando? Dada wa Ujiji, wewe unaonaje?

Dada wa Ujiji

Mawaziri wale walisomeshwa na wamisheni kwa Kifaransa, wasingekiacha. Ila mkutano wa hadhara wangeuhutubia kwa Kiswahili, na Mobutu angejibu redioni kwa Kilingala. Anza na redio.