Wamechoma kibanda changu Ngamiani, Tanga, watafungwa?

Mama Vitumbua: Jamani, juzi usiku vijana wawili wamevunja kufuli la kibanda changu barabara ya 12, wakabeba mtungi wa gesi, kisha wakatia moto. Limebaki karai tu, jeusi tii. Mmoja ana miaka 16, mwenzake 19. Watafungwa?

Mzee wa Chumbageni: Pole bibi. Wa 16 hafungwi jela, Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ya kurekebisha watoto waliovunja sheria, ile ya Irambo, Mbeya. Wa 19 mtu mzima huyo. Kuchoma jengo makusudi ni hadi maisha.

Mama Vitumbua: Maisha! Mie nataka mtungi wangu. Yule mdogo nilikuwa namkopesha vitumbua tangu darasa la pili, mwana hizaya!

Dada Pwani: Mwambie mwendesha mashtaka aombe fidia. Risiti ya mtungi unayo?

Mama Vitumbua: Ilikuwa kibandani.