Tupeane uzoefu: nani ameshafika kile kiwanja cha ndege za vita Mackinnon Road, ule mji mdogo wa barabara ya Mombasa–Nairobi?

KobeWaMagongo
Wenzangu, jana natoka Voi na lori, tairi likapasuka Mackinnon Road, hatua chache tu kutoka msikiti wa Sayyid Baghali. Fundi akasema nisubiri saa mbili. Nikaswali, nikatia sadaka, kisha nikamuuliza kijana mmoja kile kiwanja cha ndege cha Waingereza kiko wapi. Akaninyooshea kidole kichakani kama mtu anayekuonyesha choo.

Nikaenda. Wallahi, sikutarajia. Njia ndefu iliyonyooka, imepasukapasuka, mbigili zimeota kwenye nyufa na mbuzi wamejilalia katikati kama wenye nyumba. Hakuna kibao, hakuna jina la mtu.

Baba yake babangu alifanya kazi huko baada ya vita, Mwingereza alipotaka kuhamishia huku bohari zake za jeshi kutoka Misri. Yeye hakusema Mackinnon, alisema "Makinoni". Alibeba mawe kichwani, karai kwa karai. Mpaka anakufa, utosini alikuwa na duara ambalo halikuota nywele tena, na sisi watoto tulikuwa tukitia kidole pale, yeye anacheka. Jana nimetembea kiwanja kizima mkono uko utosini kwangu, hata sijui kwa nini.

Nani mwingine ana lake?

BintiLikoni
Makinoni! Babu yangu naye alitamka hivyo hivyo. Nimesisimka.

MwalimuMstaafu
Tuweke sawa kidogo. Kiwanja kilikuwepo tangu Vita Kuu ya Pili. Mjapani alipoipiga Ceylon (Sri Lanka ya leo), Aprili 1942, meli kubwa za Waingereza zilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa, na ndege za manowari zikahitaji mahali pa kushukia bara. Bohari ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatumia pesa nyingi kisha ikaachwa. Na msisahau, miaka ya Mau Mau palikuwa na kambi ya kuzuilia watu hapo, kama Manyani. Kwa hiyo mkisema "waliotumika pale", mnawataja nani hasa? Askari, makuli au wafungwa?

Shimanzi_Finest
Mwalimu, kengele ya shule ilishalia. Mtu amesimulia babu yake, wewe unagawa mtihani.

MwalimuMstaafu
Kijana, swali langu si mtihani. Mjomba wangu alifungwa pale. Nyinyi mkienda kupiga picha na mbuzi, mimi naona waya.

Shimanzi_Finest
Nisamehe, mzee. Sikujua.

KobeWaMagongo
Mwalimu, nimekusikia. Mimi nilijua ya babu tu.

Mchuuzi wa Kongowea
Kwani lazima mwende mbali? Ule wa Port Reitz pia ulikuwa wa vita, ndio huu huu uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Kila mkisindikiza mtu wa Dubai mnakanyaga historia. Na Kipevu zilikuwa zikitua ndege za majini, zile za tumbo kama mtumbwi. Nyanyangu alisema zikiruka, samaki wanapotea siku nzima. (Nyanya alikuwa na chumvi nyingi, lakini ndege zilikuwepo.)

MduruMwenyewe
Kobe, umenikumbusha jambo. Mimi ni mtu wa Samburu, hii ya Kwale. Tukichunga mbuzi upande huo, kaka yangu aliokota chuma kizito, mfano wa chupa, kina kutu. Akakipiga jiwe ili kifunguke. Hakikufunguka. Tukakipeleka nyumbani, mama akakifurahia, akakiegemeza mlango wa jiko usipigwe na upepo. Kikakaa miaka miwili. Siku moja akaja polisi mmoja kunywa chai, yeye na baba marafiki. Alikiangalia kile chuma, akaweka kikombe chini taratibu, akatutoa nje sote, hata kuku. Chai yake hakuimaliza na hakurudi tena kwetu kuinywa.

BintiLikoni
Hata kuku 😂😂😂

Shimanzi_Finest
Kilo ya chuma chakavu siku hizi pesa ngapi? Nauliza tu.

DawaYaMoto
Usiulize hivyo hata kwa mzaha. Mkikuta kitu, msiguse, wekeni alama mbali, piteni kituo cha polisi.

Mchuuzi wa Kongowea
Ukipita kituoni utaulizwa ulikitoa wapi, na utalala ndani wewe. Funika mchanga, nenda zako.

DawaYaMoto
Ndiyo maana mama za watu wanaegemeza mlango kwa bomu.

MamaWawili_Tudor
Naomba mniruhusu. Langu si la kiwanja, ni la bandari, lakini tangu jana nasoma hapa na sikulala.

Nyanyangu alikuwa na kaka mmoja tu. Aliingia jeshini akawekwa kwenye mizinga, kikosi cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Kilindini kwenye meli iitwayo Khedive Ismail, kwenda Ceylon. Nyanya alikuwa msichana, akamfuata mpaka karibu na geti na mahamri ndani ya kitambaa. Askari wa geti akamzuia. Akamwambia, leta nitampa. Nyanya hakujua kama kaka yake aliyapata au yule mtu aliyala mwenyewe. Alizeeka na swali hilo moja. Hakuuliza kuhusu vita, aliuliza kuhusu mahamri.

Tarehe 12 meli ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa. Nyambizi ikajificha chini ya pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Waingereza zikatupa mabomu majini ili kuipata. Juu ya vichwa vya watu wao. Hilo nimelijua mwaka jana tu. Nyanya alishafariki, nikashukuru.

Shimanzi_Finest
Subhanallah.

Nahodha_Mstaafu
Pole, mama. Nimefanya kazi baharini. Ile nyambizi ingeachwa ingezamisha na meli nyingine za msafara, na zilikuwa zimejaa watu.

DawaYaMoto
Nahodha, hiyo hesabu ni rahisi ukiwa ndani ya meli. Mwambie anayeogelea.

Nahodha_Mstaafu
Sikusema ni rahisi. Nimesema nini kingetokea.

BintiLikoni
Jamani, huyu mama analia, nyinyi mnapigana vita vyenu.

MwalimuMstaafu
Mama, askari wa huku waliopotea baharini majina yao yamo kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Pia unaweza kutafuta kwa simu, tume inayotunza makaburi hayo imeweka orodha yake mtandaoni. Jaribu tahajia tofauti. Makarani wa wakati ule waliandika majina yetu walivyosikia.

MamaWawili_Tudor
Ahsante, mwalimu. Ngoja niwalaze watoto.

Mchuuzi wa Kongowea
Basi Jumamosi twende Makinoni? Matatu Mwembe Tayari, saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu na maji yake, na viatu vya kufunika vidole, mbigili za huko hazina adabu.

MduruMwenyewe
Nakuja. Na mkiona chupa ya chuma, niiteni mimi nikimbie wa kwanza.

KobeWaMagongo
Mwalimu, ungekuja ungetuonyesha kambi ilikuwa upande gani.

MwalimuMstaafu
Miguu ni ya zamani. Nitakuja mkinipa kiti cha mbele.

MamaWawili_Tudor
Nimeliona. Wamekosea herufi mbili, lakini ni yeye.