Makadirio ya gharama yanapitwa kila mradi: taasisi zinazopatia zinafanyaje?

Mpangaji_Kazi: Wakuu, habari za majukumu. Taasisi yetu inaendesha miradi ya majengo na ya mifumo ya kompyuta, na kila mradi unakula zaidi ya tulichokadiria. Uongozi unataka kununua programu mpya ya kukadiria. Sidhani kama dawa iko hapo. Wenye uzoefu naombeni ushauri.

KalamuNyekundu: Mradi ukiisha, huwa mnalinganisha kilichokadiriwa na kilichotumika, kipengele kwa kipengele?

Mpangaji_Kazi: Hapana mkuu. Ripoti ya mwisho hutoa jumla tu, na hulinganishwa na bajeti iliyokwisha kuongezwa katikati.

KalamuNyekundu: Basi hata mkinunua programu itakosa cha kulishwa. Tunzeni makadirio ya siku mradi ulipoidhinishwa, maana ndiyo yaliyowafanya wakubwa wakubali. Kila nyongeza iandikwe sababu yake: bei zilipanda, kazi iliongezwa, au kuna kitu kilisahaulika? Hizo ni sababu tatu tofauti kabisa.

Bi_Hesabu: Naunga mkono. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hili mwaka 1979: mtu akipanga kazi yake huzitazama hatua zake mwenyewe, asiulize kazi zinazofanana na hiyo ziliishaje. Kwa hiyo anza na miradi iliyokwisha, uone ilizidi kwa kiasi gani, ndipo uingie kwenye mchanganuo. Uingereza mwaka 2003 Hazina yao iliweka kwenye mwongozo kwamba makadirio yaongezwe asilimia fulani kufidia matumaini yaliyopitiliza. Asilimia hiyo hupungua kadiri unavyothibitisha kuwa hatari zimedhibitiwa.

Nondo_16: Rekodi ni muhimu, ila kwa maoni yangu ugonjwa mkubwa ni shinikizo. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa kwa kiasi sawa na dola milioni 7 za Australia. Serikali ya jimbo ikasukuma ujenzi uanze 1959 wakati usanifu wa paa haujakamilika. Likafunguliwa 1973 kwa milioni 102. Ndugu, kwenu nani hutaja tarakimu kwanza, mkadiriaji au bosi?

Mpangaji_Kazi: Bosi. Sisi tunaambiwa tupange vipengele vifikie hapo.

Nondo_16: Hayo si makadirio, ni kikomo cha fedha. Viandikeni viwili hivyo kando kando kwenye andiko la mradi, na pengo lionekane kabla ya kusaini. Wakati huo bado mnaweza kupunguza kazi. Na mkadiriaji asiwe chini ya mtu anayeutaka mradi upite, la sivyo atanyamaza.

Mpangaji_Kazi: Nimeelewa. Ila miradi yetu iliyokamilika ni michache, inatosha kulinganishia?

Bi_Hesabu: Anzeni nayo hiyo hiyo, lakini msitoe tarakimu moja, toeni kima cha chini na cha juu. Ongezeni ripoti za ukaguzi wa miradi ya umma inayofanana na yenu, nyingi ziko wazi. Hakikisheni tu mnaingiza na ile iliyoharibika. Watu hupenda kuitoa wakisema ilikuwa na mazingira ya pekee.