Kilango cha paka kwenye mlango wa jikoni: tukate wapi, na tukate vipi?

Mkazi wa Mbezi anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao au kuisimamia. Nina paka wawili, jike mmoja mkubwa na mwanawe wa kiume ambaye bado anakua, na wote wamezoea kutoka uani alfajiri na kurudi jua linapokuwa kali. Njia yao ni mlango wa jikoni unaofungukia ua wa nyuma, na kwa ajili yao tunalazimika ama kuuacha wazi au kuinuka kila wanapolia. Tukiuacha wazi jioni, mbu wanajaa. Tukiuacha wazi mchana, anaingia dume la mtaani ambaye hula chakula chao na kurusha mkojo kwenye mifuko ya unga.

Mlango wenyewe ni wa mninga, wa paneli nne, na unafungukia ndani. Kwa nje kuna geti la grili ambalo paka hupita kati ya nondo zake bila shida. Ubao wa mlalo wa chini kabisa una kimo cha sentimita 22, na juu yake ndipo zinapoanza paneli mbili za chini. Kuna komeo la chini linaloingia sakafuni, na kitasa kiko karibu mita moja kutoka sakafuni. Nimeona madukani vilango vya plastiki vyenye kifuniko kinachobembea, vinavyobana mlango kwa fremu mbili, moja ndani na moja nje. Fundi niliyemwita anataka kukata ule ubao wa chini kwa sababu uko karibu na sakafu. Je, yuko sahihi? Na nikishakuwa na tundu mlangoni, nitazuiaje mkono wa mwizi na yule dume?

Seremala wa Keko anajibu:

Dada, mlango wa mninga wa paneli unaifaa kazi hii, ilimradi msumeno uguse paneli peke yake. Ule ubao wa chini usiguswe hata kidogo. Huo ndio unaozishika mbao mbili za wima zisiachane. Kila mwisho wake umechongwa ulimi ulioingia ndani ya ubao wa wima, na ukikata tundu katikati unabakiwa na ukanda mwembamba juu na mwingine chini, ambao ndio utakaotarajiwa kuufunga mlango mzima. Mninga ni mzito. Mlango utaanza kulala upande wa kitasa na kukwaruza sakafu, na hapo hata ukibadilisha bawaba hutakuwa umetibu ugonjwa wenyewe.

Paneli ni habari nyingine. Katika mlango uliotengenezwa vizuri paneli haipigwi gundi. Inakaa ndani ya mfereji ili ipate nafasi ya kuvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kilango chote, pamoja na skrubu zake, kiwe ndani ya paneli. Asije fundi akapiga skrubu moja kwenye paneli na nyingine kwenye ubao wa wima, kwa kuwa paneli iliyonyimwa nafasi ya kusogea hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa huo ukishaanza hauzibiki.

Kuhusu kimo, mpime paka akiwa amesimama, kutoka sakafuni hadi tumboni. Kwa paka mkubwa wa kawaida utapata kama sentimita 12 hadi 15, na mkato wa chini unapaswa kukaribia hapo. Wako utakuwa juu zaidi, kama sentimita 25, kwa sababu tunaukwepa ule ubao wa chini. Kwa ndani hilo si tatizo, paka ataruka. Lakini pima na kwa nje, maana jikoni zetu nyingi ziko juu ya ua kwa ngazi moja au mbili, na sentimita 25 za ndani zinaweza kuwa 40 za nje. Jenga kipandio cha matofali kati ya grili na mlango, kipana kiasi cha paka kusimama kwa miguu yote minne kabla ya kusukuma kifuniko. Kwa kuwa mlango unafungukia ndani, kipandio cha nje hakitauzuia.

Kazi yenyewe ifanywe mlango ukiwa umeng'olewa na kulazwa juu ya meza. Weka karatasi ya mfano inayokuja na kilango, inyooshe kwa pimamaji kabla mlango haujang'olewa, chora, kisha bandika utepe wa karatasi juu ya mstari ili uso wa mbao usichanike. Toboa kila pembe kwa keekee pana kuliko ulimi wa msumeno, ndipo ukate kutoka pembe hadi pembe. Piga msasa. Halafu ifuate hatua ambayo mafundi wengi wanairuka: paka vanishi kwenye kingo mbichi za tundu, mara mbili, na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga kilango, kwani maji ya kudeki na ya mvua hunyonywa hapo kuliko mahali pengine popote. Skrubu zikazwe kwa kadiri. Ukikaza kupita kiasi fremu ya plastiki inapinda, kifuniko kinagusa ubavuni, na paka anayekwama mara moja hakubali tena kupita.

Sasa mkono wa mwizi. Lililo hatarini zaidi mlangoni kwako ni komeo la chini. Mtu akilala kifudifudi kwenye kipandio na kupitisha mkono, analifikia bila jasho. Ling'oe, lipeleke juu ya mlango. Kitasa kiko mbali zaidi, lakini mkono wa mtu mzima ukinyooshwa hadi begani hufika sentimita 70, na akishika kijiti au waya anaongeza. Kwa hiyo usiku funguo usibaki kwenye tundu lake. Grili ifungwe kwa kufuli kama kawaida, nayo ndiyo ngao yako ya kwanza. Kata paneli iliyo upande wa bawaba, si ile ya upande wa kitasa.

Anayesoma hapa akiwa na mlango wa flashi, ule wenye plaiwudi nyembamba pande zote na uwazi ndani, ajue kwamba lazima apachike vipande vya mbao ndani ya tundu kuzunguka pande zote nne kabla ya kufunga kilango. Bila hivyo skrubu zitaziminya zile plaiwudi mbili zikutane.

Tabibu wa Mifugo, Arusha, anajibu:

Nakubaliana na Seremala wa Keko, nami naongeza upande wa mnyama mwenyewe. Kifuniko cha kilango kizuri kina ukanda wa sumaku chini unaokirudisha na kukishika, ili kisipeperushwe na upepo. Kwa jike wako hiyo si kazi. Yule mtoto anaweza kuiona nzito, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo kifunge kifuniko juu kwa utepe, wapite kwenye tundu tupu, ukiwaita kwa chakula kutoka upande wa pili. Baadaye kishushe nusu, na mwisho kiache kishuke chote. Paka asisukumwe kwa mikono. Atakuja kukichukia kilango chenyewe.

Dume la mtaani anafuata vitu viwili, chakula na majike. Ondoa bakuli karibu na mlango mara wanapomaliza kula. Ikiwa jike wako hajafungwa kizazi, mfunge, na yule wa kiume ahasiwe akifikisha miezi mitano au sita, kwa sababu la sivyo atakayerusha mkojo kwenye unga atakuwa ni wa nyumbani. Wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Wengi wanasikia jina hilo wanadhani ugonjwa ni wa mbwa peke yake, kumbe paka anaupata na kumwambukiza binadamu kwa kumuuma au kumkwaruza, na paka mwenye njia yake mwenyewe ya kutoka anakutana na wanyama ambao wewe huwaoni.

Zungumza pia na majirani kuhusu sumu ya panya. Paka anayekula panya aliyelishwa sumu anaweza kufa kwa sumu ileile, hata kama kwako hakuna chembe yake. Chagua kilango chenye kitasa cha njia nne, yaani wazi pande zote, kuingia tu, kutoka tu, au kufungwa kabisa. Jua linapozama weka kwenye kuingia tu. Atakayekuwa nje ataingia, na akishaingia hatoki hadi asubuhi.

Mswahili wa Leicester anajibu:

Kwa suala la dume mgeni, huku Uingereza wengi tunatumia vilango vinavyosoma chipu. Chipu hiyo ina ukubwa wa punje ya mchele, daktari wa mifugo huichoma kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega, na ina namba ya tarakimu 15. Kilango kinajifunza namba ya kila paka wako, kinafungua kwa hao tu, na kinatumia betri ndogo za kawaida, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakukiathiri. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba chipu anazotumia daktari wako ni za aina inayosomwa na kilango hicho. Mwenye mlango wa chuma apate kwanza ushauri wa muuzaji, kwa maana chuma kinaweza kuvuruga usomaji. Kuna pia vya bei nafuu zaidi vinavyofunguliwa na sumaku ya kwenye ukanda wa shingoni mwa paka. Hivyo havibagui sana, kwa kuwa paka yeyote mwenye sumaku ataingia.

Kanisa kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa nchi hii, lina mlango wa mbao wenye tundu la mviringo lililokatwa mwishoni mwa karne ya 16 ili paka aingie kuwinda panya. Halina kifuniko chochote. Kifuniko katika nyumba za huku kinawekwa hasa kwa sababu ya baridi na upepo, na ndiyo maana vilango vingi vinavyouzwa vinasifiwa kwa kuzuia baridi. Dada, wewe usilipe zaidi kwa sifa hiyo. Shida zako ni mbu, mkono na dume; kagua brashi za ubavuni zinazoziba upenyo kuzunguka kifuniko na uimara wa kitasa chake.

Mpangaji wa Kisauni anajibu:

Kwa wenzangu tuliopanga, mlango ni mali ya mwenye nyumba, na kuukata bila ruhusa ni kununua ugomvi. Sisi jikoni tuna dirisha la vioo vya luva. Nilivitoa viwili vya chini, ambavyo huchomoka kwenye vishikio vyake bila kuvunjwa, nikaweka kipande cha plaiwudi ya baharini (ile inayohimili maji) kilichopakwa rangi, na kilango kikafungwa kwenye plaiwudi hiyo. Wavu wa mbu ulikatwa mahali pa tundu peke yake, kingo zikabanwa kwa fito nyembamba. Siku ya kuhama vioo vinarudi mahali pake. Panahitajika ubao wa kutua nje ya dirisha, na nondo za dirisha zibaki kama zilivyo.

Mkazi wa Mbezi:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimeshamzuia fundi asikate ubao wa chini, na komeo litahamia juu. Limebaki jambo moja, Seremala. Paneli zangu zimeinuka katikati na zinateremka kuelekea kingoni. Ile sehemu bapa ina upana wa sentimita 17 tu, wakati fremu ya nje ya kilango ni pana kuliko hapo. Nikiifunga hivyo, ubavuni kutabaki uwazi unaopitisha kidole.

Seremala wa Keko:

Hilo ni la kawaida kwa milango ya mninga, na usikubali lizibwe kwa silikoni peke yake. Kwanza hakikisha fremu ya kilango inaingia ndani ya upana wote wa paneli. Isipoingia, tafuta kilango kidogo zaidi. Kisha fundi achonge pete ya mbao ya mstatili, moja ya nje na moja ya ndani, uso mmoja ukiwa bapa kwa ajili ya kilango, na uso wa pili umepigwa randa kufuata mteremko wa paneli. Pete ishikwe kwa skrubu kwenye paneli, isiguse mbao za wima. Iachiwe nafasi ya milimita tatu kila upande. Itaongeza unene, kwa hiyo skrubu ndefu zinazokuja na kilango huenda zisifike, nunua nyingine mapema. Mwambie achonge pete hizo kwanza na kuzijaribisha mlangoni, zikikaa bila uwazi ndipo tundu likatwe.