Mume Ohio State, kaka Michigan, na tunakwenda kwenye theluji nyumba moja. Naombeni ushauri

Mama Pacha, 22 Desemba 2024

Habari za humu wakuu. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa. Baba watoto alisoma Ohio State, akatoka na shahada ya uhandisi pamoja na ugonjwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya mpira wa kushika mikononi. Kaka yangu yeye alisoma Michigan. Kwa mlioko nyumbani: chukueni Simba na Yanga, mzipeleke kwenye viwanja viwili ambavyo kila kimoja kinaingiza zaidi ya watu laki moja. Hata rangi zinafanana fanana. Huku nyekundu na kijivu, kule buluu na njano ambayo wenyewe wanaiita rangi ya mahindi.

Wiki ya mechi yao, pale Ohio State herufi M kwenye mabango, kwa kuwa ni ya Michigan, zinapigwa X kwa utepe mwekundu. Mwaka huu mume wangu akauleta mchezo huo kwenye friji yetu, tunapobandika maneno ya Kiswahili ya watoto. Mkate ukawa kate. Mama nikawa aa. Mume mwenyewe akabaki "ue". Nikamwambia baba watoto, Kiingereza kinaweza kuishi bila M, ila Kiswahili mtu akikosa M anabaki "tu".

Basi tarehe 30 Novemba Ohio State wakafungwa 13-10 na Michigan, tena nyumbani kwao. Michigan wakataka kusimika bendera katikati ya uwanja, ngumi zikatembea, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kaka akanitumia video saa ileile. Siku tatu ndani ya nyumba hakuna salamu inayoitikiwa vizuri. Jana Ohio State wamewafunga Tennessee 42-17 kwenye mtoano, kidevu cha mume kimerudi juu.

Sasa tumeshalipia nyumba Breckenridge, Colorado, familia zote mbili, tarehe 27 hadi 2 Januari. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii. Mume kanunua masweta mekundu ya kofia manne na skafu nne, anataka tushuke nazo mlimani kama bendi ya shule. Mtoto wa kaka naye nasikia anakuja na bendera ya kusimika kwenye theluji mlangoni. Na tarehe 1 Ohio State wanacheza na Oregon, saa tisa alasiri kwa saa za kule. Nifanyeje tusigande na tusigombane?

Mkaa Denver

Dada, hayo masweta ni ya pamba? Vaeni jioni mkiota moto. Anayejifunza anaanguka hovyo, pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto lote. Ndani vaeni nguo ya kubana ya sufu au polista, kati flisi, juu koti na suruali visivyopitisha maji. Jinzi msithubutu. Mume anataka rangi zionekane? Jezi kubwa ya wachezaji ivaliwe juu ya koti, ile imeshonwa ienee juu ya mapedi ya mabegani. Skafu hapana, ncha ikining'inia inanasa kwenye kiti cha lifti, vile viti vya kwenye waya vinavyopandisha watu mlimani.

Lingine ni mwinuko, na hili wageni wanalipuuza. Columbus haifiki mita 300 juu ya bahari, Breckenridge mjini tu ni kama 2,900. Siku ya kwanza tembeeni, kunyweni maji, laleni mapema. Kichwa kuuma ni kawaida. Ila mtu akiishiwa pumzi hali amekaa, au akianza kuchanganyikiwa, mshusheni chini na apelekwe kwa daktari upesi. Na mafuta ya jua mpake, hata sisi weusi. Theluji inarudisha mwanga usoni.

Anzeni mlima wa Peak 9, njia zenye alama ya duara la kijani, ndizo rahisi. Za almasi nyeusi, zile ngumu, mzipige picha tu. Lipieni mwalimu, nyie wazazi pia. Mume kumfundisha mkewe kuteleza ni ugomvi mkubwa kuliko Michigan.

Jangwani Damu

Mume mwekundu, kaka njano. Ushauri wangu kaka ashinde. Nimemaliza.

Mama Pacha

Jangwani Damu nakuombea bao la dakika ya 90 😂 Mkaa Denver ubarikiwe, skafu nimezificha tayari.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, usiwazuie, wape kazi. Zile stika ndogo kwenye kofia ngumu za wachezaji wa Ohio State unazijua? Ni majani ya mti wa buckeye, tangu 1968 mchezaji akifanya la maana anabandikiwa moja. Nunua pakiti, na kaka yako anunue za kwake za M. Mtoto akishuka lifti bila kuanguka, apate stika. Ila anayebandika awe wa upande wa pili! Pacha wako wabandikiwe jani na mjomba wao, na watoto wa kaka wabandikiwe M na mumeo, kwa mkono wake mwenyewe. Kofia za kukodi muulize kwanza, mchukue stika zinazobanduka. Bendera isimikwe tu, mradi isikae njiani mwa wanaoteleza.

Mama Pacha, 2 Januari 2025

Mrejesho. Kichwa kiliniuma siku mbili, pacha hawakusikia chochote. Michigan wamewafunga Alabama 19-13 juzi, kaka akazunguka nyumba akiimba. Jana mume alitoka mlimani saa nane kamili, akaacha mpaka fimbo zake kwenye lifti. Ohio State wakafika 34-0 kabla ya mapumziko, ikaisha 41-21.

Shangazi, stika zimefanya kazi. Mume kabandika M kumi na moja, mkono unamtetemeka. Bendera ilisimikwa, upepo ukaibeba usiku, wakaenda kuitafuta wote wawili na tochi.

Asubuhi hii nimeipitia orodha ya manunuzi ya njiani, mtoto wa kaka kaifuta O zote. Naambiwa ninunue "kp la mbga".